Jina la Hamsini na Mbili

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri katika karibu nusu nzima ya Kadutu, mjini Bukavu, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya mkurugenzi Hugues apeleke orodha yake kwa Eulalie. Siku nyingine zote karatasi za shule yake ziliandikwa kwenye duka moja karibu na kanisa. Lakini duka lile lilitegemea nyaya za barabarani, na Eulalie, katika kibanda chake cha mbao huko Cimpunda, alikuwa na paneli mbili za jua juu ya bati, betri chini ya meza, na kompyuta kuukuu iliyowaka vizuri ukishajua mahali pa kuipiga kofi. Kibao cha mlangoni kilisema "Secrétariat public", yaani mahali pa kuandikiwa karatasi, lakini mtaa mzima uliita pale kwa Maman Gloire, kwa jina la binti yake wa pekee.

Aliyeleta orodha ni papa Anaclet, mlinzi wa shule. Aliitoa ndani ya koti lake polepole, isipate mkunjo.

"Maman Gloire, directeur anaomba umuandikie hii mbio-mbio. Kopi tatu. Kesho asubui inaenda ku inspection."

"Ni nini?"

"Ni batoto ba sixième. Bale batafanya test national."

Eulalie akanyoosha mgongo. Gloire alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Miaka sita mama yake alikuwa akiisubiri karatasi hii, na sasa imekuja yenyewe kukaa juu ya meza yake. Akamsogezea mzee kiti, akaanza kuandika. Aliandika bila haraka, akirekebisha hapa na pale makosa ya mkurugenzi, ambaye kwa mtu wa cheo chake alikuwa na mwandiko wa ajabu. Majina yalipangwa kwa alfabeti. Binti yake alikuwa Zagabe, kama baba yake, kwa hiyo angekuwa wa mwisho, na Eulalie alifurahia kule kumngoja. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Hamsini. La hamsini na moja lilikuwa Wabiwa Merveille, rafiki mkubwa wa Gloire. Chini yake palipigwa mstari kwa rula: jumla hamsini na mmoja, wavulana ishirini na wanne, wasichana ishirini na saba.

Akaigeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Papa Anaclet, hakuna karatasi ingine?"

"Ni ile tu."

"Angalia muzuri mu koti."

Mzee akapekua mifuko yote, akatoa funguo, rozari, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti. Halafu akatazama nje, barabarani, akaendelea kutazama huko.

"Maman, mi niko mulinzi tu," akasema. "Nafungua portail, nafunga portail."

Basi Eulalie akaelewa kwamba hata mlinzi anajua.

Gloire alizaliwa kwa shida. Alichelewa kupata hewa, na tangu siku hiyo mkono wake wa kuume na mguu wake wa kuume vilifanya vilivyotaka vyenyewe. Maneno yalimtoka taratibu, moja-moja, kama anayeyavuta kwa kamba. Lakini kilichoingia kichwani mwake hakikutoka. Jambo hilo Eulalie alikuwa amelieleza kwa watu wengi hata likamchosha mdomoni. Shule ya kwanza ilisema ina ngazi nyingi. Ya pili ilisema wazazi wengine watalalamika. Ya tatu ilitaka karatasi ya daktari, akaileta. Ikataka ya daktari mkubwa zaidi, akaileta. Ikasema karatasi ni nzuri sana, ila nafasi zimejaa. Na kote walimwambia kwa sauti ileile tamu: mpeleke kwa wenzake. Wenzake! Na wale watoto wa Cimpunda aliotambaa nao mavumbini, wao walikuwa wenzake nani? Shule ya nne ilimpokea kwa sababu sista aliyeiongoza wakati ule hakupenda maneno mengi. Alisema tu mtoto aje na kiti chenye mikono, na Eulalie akawa kwa seremala kabla ya saa sita. Baadaye sista alihamishwa, akaja Monsieur Hugues, na kila Septemba ikawa kuanza upya: mwalimu mpya, maelezo yaleyale, na uso uleule wa kusikiliza huku unatafuta mlango.

Gloire alikuwa amepanda darasa kila mwaka. Kila mwaka! Hakuwahi kuwa wa kwanza, hakuwahi kuwa wa mwisho.

Eulalie akarudisha vidole kwenye kompyuta. Akaandika 52, akaandika ZAGABE, akaandika Gloire. Akabadilisha jumla. Akabadilisha idadi ya wasichana ikawa ishirini na wanane. Akatoa kopi tatu, akazibana, akazitia kwenye bahasha pamoja na ile karatasi ya mkono, akampa mzee. Papa Anaclet, kama aliona kitu kwenye kompyuta, hakusema. Alitia bahasha ndani ya koti, akaenda zake kwa ule mwendo wake wa kuepuka madimbwi.

Alipobaki peke yake, akachukua simu. Akampigia mume wake. Grégoire alikuwa Luhwindja, huko kwenye machimbo ya dhahabu, akishuka kuja Bukavu mara moja kwa mwezi, miezi mingine asishuke. Ilimbidi apige mara tano ndipo mtandao ukubali.

"Bamemutoa ku liste," akasema.

"Nani?"

"Gloire! Mutoto wako! Nani mwingine?"

Kukawa na kelele za mashine upande wa pili. Halafu Grégoire akasema, kwa upole wa mtu aliye mbali, "Eulalie, pengine ni muzuri apumuzike. Unasumbuka sana juu ya hii mambo. Test ni ya nini? Mutoto iko na sisi, atakula, atavaa."

"Papa Gloire, nakuomba tu kitu kimoja. Nyamaza."

Akakata simu. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba mtu unamwita akusaidie kubeba, naye anakushauri utue.

Gloire alirudi kutoka shuleni saa saba na nusu, pamoja na Merveille aliyembebea mfuko hadi mlangoni na kukimbia. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwembamba, na nywele alizosukwa Jumamosi zilikuwa bado nadhifu. Eulalie alimngoja akae, akamwekea sahani ya maharage, akajilazimisha kuanza polepole.

"Gloire, iko liste ya test national. Directeur alikuambia kitu?"

Gloire akatafuna, akameza. "Ndiyo."

"Alikuambia nini?"

"Kama… nisifanye. Nirudilie… sixième."

"Na we ulijibu nini?"

"Nilisema… sawa."

Eulalie akaona kizunguzungu cha hasira. Alikuwa amejiandaa kumpiga vita mkurugenzi, wala hakutazamia kukuta adui ameshapewa funguo za nyumba.

"Sawa? Ulisema sawa? Juu ya nini?"

Ilichukua muda kulitoa lote. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamkalisha, akampa hata biskuti. Alimweleza kwamba shule imepata asilimia mia kwa miaka mitano mfululizo, kwamba mtu mmoja tu akianguka, mia inavunjika, na wenzake wote watahuzunika, hasa Merveille. Je, yeye Gloire angependa kuwahuzunisha wenzake? Gloire hakupenda. Basi akasema sawa, akala biskuti.

"Na hukuniambia!"

"Ungekuja… ku masomo," Gloire akasema, yaani shuleni. "Ungepiga… makelele."

Eulalie akasogeza kiti karibu. Akamwambia alichokifanya asubuhi na orodha. Alidhani mtoto atafurahi. Gloire akaweka kijiko chini.

"Maman. Ile… ni kuiba."

"Kuiba nini? Jina ni lako!"

"Karatasi… haiko yako."

Huyu mtoto! Miaka yote hii mama yake anamhangaikia apate haki ya kufundishwa, na sasa amefundishwa, mafundisho yenyewe yanamgeukia mama. Eulalie aliosha vyombo kwa kishindo alasiri ile. Lakini maneno yale yalikaa kifuani mwake kama mfupa wa samaki, na asubuhi yake, badala ya kufungua kibanda, alivaa kitenge chake cha ibada, akampeleka Gloire shuleni mwenyewe, akapita moja kwa moja hadi ofisi ya mkurugenzi.

Monsieur Hugues hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mnene kidogo, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa na mazoea ya kusimama mgeni anapoingia, ili mgeni asikae.

"Maman Gloire! Aksanti sana kwa ile kazi ya jana. Ilikuwa propre, safi kabisa."

"Directeur, uliisoma?"

"Nilisaini. Nilikuwa ku téléphone. Anaclet ameshaipeleka ku inspection tangu saa moja na nusu."

"Basi nakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine. Nimeongeza jina moja. Gloire ni wa hamsini na mbili."

Mkurugenzi akakaa. Uso wake ulipita rangi kadhaa.

"Maman, unajua ile inaitwa nini? Ile inaitwa faux en écriture, kughushi karatasi! Ile ni prison!"

"Najua inaitwa nini, kila siku naandikia watu karatasi za tribunal. Na ile yako inaitwa nini? Kumuita mutoto peke yake, kumupa biskuti, kumuambia atahuzunisha batu?"

"Mi nilimuhurumia!"

"Ulihurumia pourcentage yako."

"Pourcentage ni ya masomo yote!" Mkurugenzi alikuwa amesimama tena. "Wazazi banaleta batoto hapa juu ya ile cent pour cent. Naandika barua leo, naomba inspection imutoe."

"Andika. Na uandike sababu. Usisahau sababu, directeur. Na kama umeme ungali umekatika, uilete kwangu, nitakuandikia."

Sauti zao zilikuwa zimefika darasani. Mlango ukagongwa, akaingia Monsieur Josué, mwalimu wa darasa la sita, chaki mkononi na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Nyuma yake uani watoto wa darasa la pili walikuwa wamejipanga dirishani kusikiliza. Akawafukuza, akafunga dirisha.

"Josué, wewe sema," mkurugenzi akamwambia. "Huyu mutoto ataweza, hataweza?"

Eulalie alijua mwalimu atasema nini. Walimu wote walisema namna moja. Lakini Josué hakusema hivyo. Alipasuka.

"Mimi nimechoka, directeur. Nimechoka na nyinyi bote. Niko na batoto hamsini na mbili mu darasa moja. Kopi ya Gloire peke yake inanikamata wakati wa kopi kumi, juu mwandiko yake ni kama kuku imepita. Maman huyu ananiletea barua kila wiki. Juzi alinifundisha namna ya kufundisha! Na wewe unaniuliza ataweza. Mu calcul ni wa tisa. Wa tisa! Mu histoire ananisahihisha. Asipomaliza, haiko kama hajui, ni wakati unaisha. Wewe hukuniuliza. Ulimutoa bila kuniuliza, na mi nikanyamaza. Ile nayo ilinichokesha."

Josué akapangusa chaki kwenye suruali. Eulalie alitaka kumshukuru na kumjibu kuhusu zile barua kwa wakati mmoja, akashindwa kuchagua. Kila wiki? Ilikuwa kila wiki mbili.

Mkurugenzi alipata pumzi, akatoa neno la katikati. Jumamosi kulikuwa na mtihani wa majaribio, maswali hamsini, kama ule wa kweli. Gloire akipata nusu, yeye mkurugenzi atanyamaza na orodha itabaki. Asipopata, ataandika barua yake.

"Na bale wengine hamsini na moja?" Eulalie akauliza. "Wao pia bakikosa nusu utabatoa?"

"Maman, usianze."

"Naanza! Juu ya nini yeye alipe mlango ambao wengine banapita bule?"

Josué alikuwa ameshatoka kumwita Gloire mwenyewe. Msichana akaja na mguu wake ukifagia sakafu, akasimama katikati yao. Mkurugenzi akamweleza kwa sauti ya juu na ya polepole, kama watu wanavyoongea na kiziwi, ingawa masikio ya Gloire hayakuwa na kasoro yoyote. Eulalie akakaza meno.

"Nitafanya," Gloire akasema. Na baada ya kuvuta neno jingine: "Maman… aende ku kazi."

Eulalie akaenda kazini.

Jumamosi, muda ulipokwisha, Gloire alikuwa amejibu maswali ishirini na sita tu. Katika hayo alikosa mawili. Ishirini na nne juu ya hamsini. Amepungukiwa na moja.

"Unaona?" mkurugenzi akasema.

"Naona," Josué akajibu. "Naona mutoto amekosa mbili tu mu kila kitu alichojibu. Nani mwingine mu hii darasa alikosa mbili tu? Hata mutoto wa dada yako, naye wa darasa hii, alikosa zaidi. Muombe inspection imuongezee wakati."

"Josué, test haingojee mutu."

"Basi mama yake aombe. Akileta karatasi yenye kusainiwa, anabaki. Asipoleta, uandike barua yako. Utapoteza nini?"

Mkurugenzi akaona kweli hatapoteza kitu, maana aliijua ile ofisi. Akakubali.

Ofisi ya elimu, ndiyo hiyo inspection, ilikuwa juu ya mlima, ngazi za udongo kisha ngazi za saruji, na mvua za Machi zilikuwa zimezigeuza zote kuwa matope. Mara ya kwanza Eulalie alimkuta bwana mmoja aliyemwambia mambo ya mtihani ni kwa Madame Agathe, na Madame Agathe yuko misheni. Mara ya pili Madame Agathe alikuwepo. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, mezani kwake mafaili yamepanda hadi kidevuni. Akasema panahitajika cheti cha daktari. Eulalie alikuwa nacho. Akakifungua mbele yake: mhuri, saini, picha, kila kitu.

"Hii ni ya miaka mbili," Madame Agathe akasema. "Imeisha. Hakuna ya mupya?"

"Madame, hii si malaria. Ile ugonjwa alizaliwa nayo, haiwezi kutoka juu karatasi ni ya 2022."

"Naelewa, maman. Lakini karatasi imeisha."

Basi akaenda hospitalini, akapanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi, ili daktari amwangalie Gloire kwa dakika nne na kuandika maneno yaleyale chini ya tarehe mpya. Mara ya tatu akapanda mlima na cheti kipya. Madame Agathe akakisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sasa kinachobaki ni fomu. Akaitafuta fomu kwenye droo ya kwanza. Akaitafuta kwenye droo ya pili. Akamwita yule bwana wa siku ya kwanza, wakaitafuta pamoja.

"Ile fomu haiko," akasema mwishowe.

"Imeisha?"

"Hapana. Haikuwe." Madame Agathe akavua miwani, akaonekana yeye mwenyewe ameshangaa. "Ni kama haikukuwako hata siku moja. Hakuna mutu alishaomba."

Eulalie akacheka. Hakupanda huko ili acheke, lakini kilichotoka ni kicheko, na hakikutaka kuisha, hata bwana yule akarudi nyuma hatua moja. Alipotulia akauliza, basi mtu akiomba inakuwaje? Madame Agathe alifikiri. Akasema kwa mdomo, yeye anaona nusu saa zaidi ni haki, na meza ya peke yake, na atamwambia mkuu wa kituo cha mtihani siku ikifika.

Kwa mdomo! Eulalie alizijua ruhusa za mdomo. Zilikuwa zinafika mlangoni zikageuka kuwa nani kakuambia. Akashuka mlima, akawasha kompyuta, akaandika mistari minne: mtahiniwa fulani, shule fulani, anapewa dakika thelathini zaidi kwa kila kipindi na meza ya peke yake. Akaacha nafasi ya saini. Akapanda tena alasiri ileile, mara ya nne, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akaiweka karatasi juu ya lile lundo la mafaili.

"Nimeitengeneza fomu," akasema. "Hata kwa wengine bakija, ibaki."

Madame Agathe akamtazama miguu, akaitazama karatasi. Akasaini, akagonga mhuri mara mbili, na nakala moja akaitia kwenye droo ya kwanza.

Mkurugenzi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu. Halafu akasema "Sawa," kwa namna ambayo Eulalie angemlipa ili asiiseme.

Mtihani ulifanyika siku mbili, katika shule nyingine yenye ukuta mrefu. Wazazi walifukuzwa getini. "Maman, rudia ku nyumba, hapa haiko soko," polisi mmoja alimwambia, na Eulalie, ambaye alikuwa amebeba kiti chenye mikono kichwani tangu Cimpunda, alimkabidhi Josué, aliyewasindikiza watoto, kiti, na ile karatasi, na maagizo mengi kiasi kwamba mwalimu aliinua mkono kumzuia.

"Maman Gloire. Nimesikia."

Baadaye alipata habari kwamba mkuu wa kituo hakuwa ameambiwa lolote, kwamba aliitazama karatasi ya Madame Agathe kama noti bandia, na kwamba Josué aliweka kiti cha Gloire peke yake karibu na dirisha, akakaa mlangoni, akakataa kuondoka hadi dakika zihesabiwe. Eulalie aliyasikia hayo kwa watu. Josué mwenyewe, alipoulizwa, alisema tu kwamba jua lilikuwa kali.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba. Zagabe Gloire, asilimia hamsini na sita. Shule ilipata asilimia mia kwa mwaka wa sita mfululizo.

Siku ya sherehe uwanja wa shule ulijaa viti vya plastiki na muziki wa Kilingala uliopasua spika. Monsieur Hugues alivaa suti ya kijivu. Alihutubia kwa muda mrefu, na alipofika katikati akamwita Gloire mbele, akamshika mkono ule wa kuume, ule uliokaza, akauinua juu kadiri ulivyokubali.

"Masomo yetu," akatangaza, "ni masomo ya batoto bote! Hapa hatubagule! Tangu mwanzo tulimuamini huyu mutoto!"

Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akapiga picha. Papa Anaclet, kule getini, alikuwa ghafla na kazi kubwa ya kuangalia kufuli. Eulalie alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na tabasamu lililomuuma mashavu, akihesabu vifungo vya suti ya mkurugenzi ili asisimame. Simu ikatetemeka mfukoni. Ni ujumbe wa sauti wa Grégoire kutoka Luhwindja, na nyuma yake wanaume wanashangilia: "Eulalie! Mi nilisema! Nilisema tangu zamani huyu mutoto ataweza!"

Akaizima.

Walipofika nyumbani alimpikia Gloire kuku, akamwacha ale hadi ashibe, akamwambia kwamba amefanya vizuri sana. Na ilikuwa kweli. Lakini kuna jambo lilikuwa likimwasha tangu matokeo yatoke. Hamsini na sita, kwa mtoto ambaye kwenye majaribio alikosa mawili tu, na sasa ana nusu saa ya ziada? Hesabu hiyo haikukaa sawa.

"Gloire, ile page ya mwisho ya calcul. Ilikuwa nguvu kujibu?"

Gloire akafikiri. "Hapana."

"Uliijibu?"

Gloire akarudi kwenye paja la kuku.

"Gloire. Uliijibu?"

"Nili… iacha."

"Wakati uliisha?"

Gloire akatazama mfupa wa kuku. Eulalie aliujua mtazamo ule. Aliuona kwa watoto wote wa mtaa, kila siku, walipovunja kitu.

"Ulibaki na dakika ngapi?"

"Makumi… mbili."

"Makumi mbili! Ulibaki na dakika makumi mbili, ukatoka? Ulienda wapi?"

"Merveille… alikuwa inje. Alikuwa na… ma-beignet."

Maandazi! Eulalie akasimama, akakaa, akasimama tena. "Beignet! Nilipanda ile mulima mara ine, Gloire! Mara ine, mu matope, na viatu ku mukono! Nilimushika yule madame mpaka akasaini, mwalimu yako akachomwa na jua ku mlango, na we unatoka juu ya beignet? Hukuweza kungojea? Zingekimbia?"

Gloire alivuta neno lake taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu aliyelifikiria vya kutosha.

"Zilikuwa… za moto."

Eulalie akaanza kumgombeza upya kuanzia mwanzo.